Kivuli cha umma ni amana, hata msikiti usikivamie

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyeitandaza ardhi na akaotesha humo kila mmea mzuri. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Kila Idd inapokaribia, wazazi wa jiji hili la Dar es Salaam huniuliza swali lile lile: "Ustadhi, watoto tuwapeleke wapi?" Wanachokikimbia wanakijua: kumbi za pombe na muziki. Wanachokitafuta ni kivuli, hewa safi na nafasi ya mtoto kukimbia. Huwajibu kwamba mahali hapo bado papo, ila pamebaki pachache, na uchache huo una sababu ambayo sisi Waislamu hatuna budi kuizungumza hata kama inatuuma.

Tuanze na tulichonacho. Katikati ya jiji, jirani na Makumbusho ya Taifa, ipo Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao. Si kubwa, lakini ina miti mikongwe na kivuli cha kutosha. Kisha kuna Mnazi Mmoja. Wakoloni waliuacha uwanja ule wazi ili uitenge Uhindini na Kariakoo, kila rangi ikae kwake. Wananchi wakaugeuza: palipokusudiwa kututenga pakawa pa kukutania, kwa mikutano ya kudai uhuru na kwa swala za Idd. Mwenye siku nzima na nauli asogee Kisarawe, kwenye msitu wa hifadhi wa Pugu, ambao ni mabaki ya misitu ya asili ya pwani yetu. Asiye na uwezo huo anao ufukwe wa Coco.

Wapo wanaosema matembezi ya namna hii ni anasa isiyo na nafasi katika dini. Sikubaliani nao. Katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa tutembee katika ardhi na tutazame jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji. Nilipokuwa nikifundisha kidato cha pili aya zinazotaja mvua na mimea, niliwataka wanafunzi wataje miti mitano iliyopo mtaani kwao. Wengi hawakuvuka mitatu. Mmoja akanijibu: "Ustadhi, kwetu kuna mwarobaini mmoja, nao uko ndani ya geti la mtu." Mtoto huyu tunamwambia azingatie ishara za Mola wake, azizingatie wapi?

Lakini mahali pa wazi pana haki zake. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (RA), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) aliwatahadharisha maswahaba na kukaa njiani. Waliposema hawana pengine pa kuzungumzia, akawaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuondoa maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hizo ndizo adabu za bustani pia. Na katika Sahih Muslim amelaaniwa anayejisaidia katika njia ya watu au katika kivuli chao. Ikiwa kivuli kina hadhi hiyo, je, anayetupa pale nepi na mifuko ya takataka kisha akaondoka na mkeka wake?

Sasa nije kwenye lililo zito zaidi. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa huu. Ya mwaka 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Watu wameongezeka zaidi ya mara mbili, na ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Viwanja vya wazi vimekuwa nyama iliyoachwa mbele ya paka. Kwanza huja kibanda, kisha mabati, kisha ukuta, mwishowe mtu anatoa karatasi na kusema ni pake. Mtaani ninakoishi, uwanja waliochezea watoto miaka yote sasa umezungushiwa ukuta, na watoto wanacheza barabarani baina ya bodaboda.

Mvamizi na ajue kwamba Mtume (SAW) amesema, katika hadithi waliyoiafiki Bukhari na Muslim, kuwa mwenye kuchukua ardhi kwa dhulma, japo shubiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Na hapa nawageukia ndugu zangu wa kamati za misikiti. Zipo kamati ambazo zikiona uwanja wa wazi huona kiwanja cha msikiti, au cha fremu za maduka "kwa maslahi ya msikiti". Ndugu zangu, Mtume (SAW) alipofika Madina, ardhi aliyoichagua kujenga msikiti wake ilikuwa ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bure. Akakataa mpaka akainunua. Ikiwa ardhi ya mayatima wawili haikuchukuliwa bure, itakuwaje ile ya mayatima wote wa mtaa? Wanazuoni wameafikiana kuwa kupora ardhi ni haramu. Walichotofautiana ni kama swala inayoswaliwa juu yake inasihi au laa. Nani anataka swala yake iwe kwenye mjadala huo?

Utaniambia mbona wengine wamejenga baa na makanisa kwenye viwanja vya wazi. Nasi tulipinge hilo kwa njia za sheria. Dhulma ya jirani si hati ya kiwanja. Tena, sunna ya Mtume (SAW) ni kuswali Idd uwanjani. Tukivimaliza viwanja, sunna hiyo tutaitekelezea wapi?

Basi tufanye nini? Tuna Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Nendeni kwa vikundi serikali ya mtaa na halmashauri, mwombe kuiona ramani, mjue kipi ni kiwanja cha wazi kabla hakijapata ukuta. Kila madrasa ipande miti na kuimwagilia, kwani mti anaoupanda Muislamu, akala ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake.

Na wenye uwezo wamkumbuke Abu Talha (RA). Bustani yake ya Bayruha ilielekeana na Msikiti wa Mtume (SAW), na ndiyo mali aliyoipenda kuliko zote. Iliposhuka aya ya 92 ya Surat Aal Imran, kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe tunavyovipenda, aliitoa sadaka. Yeye alitoa bustani yake mwenyewe. Sisi tunaombwa tu tusichukue ya watu.

Wabillahi tawfiq.