Riya ya Ulimi

Mtu mmoja anaweza kusema kwa lafudhi tatu kabla ya saa nne asubuhi. Wataalamu wa lugha hawaoni ajabu hapo. Wasiwasi wangu ni wa kidini.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Dar es Salaam nilikuja kutafuta riziki, nikaipata kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Kabla duka halijafunguliwa hushuka soko la samaki la Feri na simu yangu, maiki ya kubana kwenye kola na stendi iliyolegea mguu mmoja, nikarekodi mnada: bei ya jodari, boti zilizorudi tupu, manung'uniko ya wachuuzi. Sikusomea uandishi wa habari, wala hakuna anayenilipa. Nikipatana bei ya vibua vya nyumbani, ulimi wangu ni wa Feri, una haraka na utani. Mamangu akipiga simu, "ndoo" na "ndia" za Kimvita, yaani "njoo" na "njia", zarudi zenyewe bila kuitwa. Halafu nabonyeza kitufe chekundu, anatokea mtu wa tatu mwenye sauti nzito, anayetamka kila silabi kama msoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mamangu alionyeshwa na mjukuu wake mojawapo ya video hizo. Akasema, "Sauti ni ya mwanangu, lakini anenaye simjui."

Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tulionywa mapema kuhusu mtu wa nyuso mbili, anayewaendea hawa kwa uso huu na wale kwa uso mwingine. Mwenye ndimi tatu je?

Lafudhi ya Feri inajitetea vizuri. Mwaka 2019 wanafonetiki walichapisha utafiti juu ya watu 11 waliokaa majira ya baridi pamoja kwenye kituo cha utafiti cha Uingereza huko Antaktika. Walijirekodi wakitamka maneno yaleyale kila baada ya wiki kadhaa, na vipimo vikaonyesha kwamba baadhi ya irabu zao zimeanza kusogeleana. Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo mno, na hakuna aliyeyaamua. Walikula pamoja na kuongea pamoja, basi. Kwetu sisi amali huhukumiwa kwa nia, na palipokosekana nia sioni cha kuhukumu. Tena Kurani, katika sura ya Ar-Rum, inazihesabu tofauti za ndimi na rangi za watu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Ulimi uliojaaliwa kutofautiana umejaaliwa pia kusogea.

Mwenzangu wa dukani, Mlutheri wa Machame, ana lake la kuongeza. Ananikumbusha kisa cha Petro katika Injili ya Mathayo: waliosimama pale wanamwambia usemi wake unamtambulisha, naye anakana mara ya tatu kwamba hamjui Yesu. Kinywa kinakana huku lafudhi ya Galilaya inatoa ushahidi. Mwenzangu alikuwa akinitania tu, maana Kichaga chake hakijawahi kumficha hata siku moja, lakini mimi niliondoka na hoja nzito: kuna nyakati matamshi ya mtu husema kweli kuliko mtu mwenyewe.

Sauti ya kamera ndiyo sina pa kuifichia. Mbele ya mchuuzi ulimi humfuata mchuuzi. Mbele ya lenzi humfuata nani? Lenzi haina kwao. Ninayemfuata ni mtazamaji niliyemtunga mwenyewe kichwani, mkubwa, msomi, mgumu wa kuridhika. Hapo ndipo riya ilipoingia akilini mwangu. Tulivyofundishwa, kusali peke yake si riya. Riya ni kuirefusha sijda kwa kuwa umesikia mlango unafunguliwa. Mtume aliiita shirki ndogo, na Imam Ghazali, katika vitabu 40 vinavyounda Ihya Ulum al-Din, alikitenga kimoja kwa kupenda jaha na riya.

Huyo mtazamaji wangu wa kubuni si mgeni Afrika Mashariki. Wamisionari wa Mombasa walikipigania Kimvita, wa Unguja wakakipigania Kiunguja, na mkutano wa mwaka 1928 ukaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano huo ulifanyika Mombasa, mjini kwetu! Sina kinyongo, bila usanifu huo nisingeelewana na nusu ya wanaonitazama. Lakini tangu hapo watoto wa Mvita tumekua tukijua kwamba darasani na redioni kuna namna ya kusema, na namna hiyo si ya kwa bibi.

Madhara yake niliyaona kwa mama mmoja anayekaanga samaki. Kabla sijamrekodi alinieleza, moto unawaka machoni, jinsi barafu ilivyopanda bei na jinsi dalali anavyowahi kufunga mnada ndugu yake akishataja bei. Lugha yake ilikuwa ya Kilwa, ina chumvi. Nilipomwashia kamera alijifunga kanga vizuri, akasema: "Kwanza kabisa napenda kuchukua fursa hii kumshukuru Mungu. Changamoto zipo, ila tunaendelea vizuri." Dalali hakutajwa, barafu haikutajwa. Lafudhi iliondoka na habari yote. Mimi niliyesimama mbele yake nikitamka kama msoma taarifa ndiye niliyemwonyesha kwamba hapa panatakiwa maneno ya namna hiyo.

Usidhani basi dawa ni kung'ang'ania lahaja kwa makusudi. Siku hizi wako vijana wa pwani wanaokikoleza Kimvita mbele ya kamera kuliko wanavyokisema majumbani mwao, kwa sababu kinaleta watazamaji. Mwanazuoni Fudhail bin Iyadh anatajwa kwa kauli kwamba hata kuacha amali kwa ajili ya watu ni riya. Anayeikimbia lafudhi yake ili aonekane, na anayeikoleza ili aonekane, wote wawili wanautegea sikio mlango ule ule.

Kwa hiyo naamua hivi. Ulimi unaosogea kumkaribia mtu ni adabu, na ukisogea bila wewe kujua hauna dhambi. Ukiwa unasogea kwa ajili ya kuonekana, halafu ukweli ukapungua njiani, hiyo ni riya, hata kama kila neno ni sanifu. Nanyi ndugu zangu mnaoshika simu masokoni na vituoni: msimwambie mtu aseme vizuri. Mwulizeni swali kwa lugha mliyokuwa mkitaniana naye kabla ya kurekodi, mwacheni ajibu kwa yake, na kama mnaona watu wa mbali hawatamwelewa, andikeni maandishi chini ya picha.