Mkongwe na Jukwaa

Je, ni haki mwimbaji mkongwe kupewa jukwaa la tamasha kuu, ilhali vijana wangali wakingoja zamu yao? Swali hili si la muziki peke yake. Ni la uadilifu, nasi walimu latuhusu.

Wanaopinga wana hoja. Jukwaa ni moja, na usiku una saa chache. Anayepewa nafasi kwa ajili ya jina tu humnyima mwingine riziki yake. Hata hivyo, uzee si kosa, wala ujana pekee si sifa. Tutazame tamasha la Glastonbury, nchini Uingereza, mwezi wa Juni 1922 + 100, yaani 2022. Ijumaa jukwaa kuu lilikuwa la Billie Eilish, mwenye umri wa miaka 20. Jumamosi likawa la Paul McCartney, aliyetimiza miaka 80 wiki moja kabla. Hakuna aliyemziba mwenzake. Huku kwetu, Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alipanda jukwaa la Sauti za Busara akiwa ajuza, naye alikuwa kungwi aliyewafunza mabinti unyago na ngoma zake.

Basi twaonelea kwamba mkongwe asialikwe kwa kuwa aliimba zamani, bali kwa kuwa angali na la kuimba. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee wasipoachia nafasi, neno hilo litarithiwa na nani? Na tujiulize hayo nasi tushikao chaki.