Umeme Uliporudi

Palikuwa na fundi mmoja wa mageti huko Tandika, Dar es Salaam, aliyejulikana kwa nondo zake za kusokota. Madirisha yake hukuhitaji kuambiwa ni ya nani. Nondo zote zilianza kusokotwa mahali pamoja na kuishia mahali pamoja, mizunguko ikilingana, na hakuna iliyokaa upande.

Kifaa chake cha kwanza kilikuwa cha mkono. Alifunga jiliwa kwenye meza nzito, akajitengenezea ufunguo wa bapa nene lenye tundu la mraba katikati na mikono miwili ya bomba, mmoja kila upande. Mikono hiyo miwili ina sababu. Anayetumia spana ya mkono mmoja huisukuma nondo pembeni huku akiizungusha, akaishia na nondo iliyosokotwa na kupinda kwa pamoja. Sehemu ya kusokotwa aliivisha bomba lililoizidi nondo kidogo kwa upana, ili isipate nafasi ya kujipinda. Nondo ya kawaida ya pembe nne, ya milimita 12, husokotwa baridi, bila moto. Ukiiachia hurudi nyuma kidogo, kwa hiyo huna budi kuipitisha kidogo kuliko unavyotaka. Tena hufupika, ndiyo maana fundi mzoefu haikati kwa kipimo cha mwisho kabla hajaisokota. Yote hayo aliyajua, na mizunguko aliihesabu kwa sauti.

Kisha akaja mteja mwenye nyumba ya ghorofa aliyetaka uzio mzima wa nondo za kusokota, na kwa haraka. Mabega ya fundi yakakataa. Akaenda Gerezani kutafuta vyuma chakavu, akarudi na mota ya nguvu ya farasi mmoja na giaboksi.

Tusimdhanie mjinga. Hesabu yake ya nguvu ilikuwa sahihi kuliko ya wengi. Alijua kwamba nguvu ya kusokota haipandi sawa na unene wa chuma, inapanda kwa mchemraba wake: nondo ya milimita 16 inataka zaidi ya mara mbili ya nguvu inayotakiwa na ile ya 12, na ya milimita 20 inataka zaidi ya mara nne. Mota yake ilizunguka mara 1,400 kwa dakika, giaboksi ikapunguza mwendo huo mara 60, ikabaki mizunguko 23 hivi. Mbele ya giaboksi akachomelea soketi ya mraba yenye boliti ya kukazia nondo. Ikasokota milimita 12 kama mchezo. Watu wakaja kutazama, na mafundi wa jirani wakanuna.

Kuiwasha na kuizima alitumia swichi ya ukutani, ile ile ya kuwashia taa, nyuma ya rundo la vyuma. Palikuwa na swichi pale, basi akaitumia.

Siku moja umeme ulikatika nondo ikiwa nusu ya safari. Sasa giaboksi yake ilikuwa ya aina ya skrubu: mota huizungusha, lakini yenyewe haikubali kuzungushwa kinyumenyume. Kwa hiyo mashine iliposimama, nondo haikulegea. Ilibaki imekazwa ndani ya soketi, haitoki kwa kuvutwa.

"Dogo, legeza hiyo boliti uitoe, tuifanyie kazi nyingine mpaka umeme urudi," fundi alimwambia kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake.

"Sawa, fundi," kijana akajibu, akavaa glavu za ngozi za kuchomelea, kwa kuwa nondo ile ilikuwa na kingo kali. Aliambiwa siku zote avae glavu, naye alikuwa mtiifu.

Boliti ilikuwa bado kulegea umeme uliporudi. Swichi ilikuwa imeachwa vilevile ilivyokuwa, basi mashine ikaendelea pale ilipoishia. Kichwa cha boliti kikanasa glavu. Mizunguko 23 kwa dakika ni mwendo wa polepole, mtu akiutazama hudhani atawahi kuchomoa mkono. Lakini mashine inayokunja chuma haiwezi kuzuiwa na mkono wa mtu, na ngozi ya glavu ya kuchomelea haichaniki kirahisi. Ingekuwa kitambaa chepesi, pengine kingepasuka. Fundi aliruka rundo la vyuma kuifikia swichi. Kijana alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mtaani walisema ni husuda, kwamba walionuna ndio waliofanya mambo. Mimi naona hakuna aliyehitaji kwenda kwa mganga. Pale penye umeme unaokatika na kurudi bila hodi, mashine yoyote iliyofungwa kwenye swichi ya kawaida inangoja siku yake.

Dawa yake ni kontakta inayowashwa kwa kitufe. Ndani yake mna koili ya sumaku: umeme ukiwapo, sumaku hushikilia mguso, ukikatika, huachia, na hata umeme ukirudi mguso haushikwi tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Fundi umeme yeyote anaijua, maana ndiyo inayowasha mashine za kukoboa na kusaga. Sisemi watu waache kujiundia mashine. Nchi hii ilianzisha shirika la SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na karakana ngapi zingekuwa hai leo bila vyuma chakavu na akili ya fundi?

Mashine ile bado inafanya kazi. Imewekewa kontakta na kanyagio: ukiinua mguu, inasimama. Boliti imezamishwa ndani ya soketi, kifuniko cha bati kimezingira sehemu inayozunguka, na glavu haziruhusiwi hapo nondo ikiwa inasokotwa. Kabla ya kuigusa, plagi huchomolewa na aliyeichomoa hukaa nayo mkononi.

Juzi alikuja fundi wa mtaa wa pili na futi yake, anataka kuiga. Alipima fremu, akahesabu meno ya giaboksi, akauliza bei ya mota, akashukuru na kuaga. Kisanduku cha kontakta, chenye kitufe chekundu, hakukitazama. Mwenye mashine akamwita arudi, akamkalisha kwenye benchi, akafungua kisanduku na kuanza kumwonyesha waya mmoja baada ya mwingine.