Nondo Akishindwa, Je?

Somo: Mathayo 6:19–21, 2 Timotheo 4:13



Jumapili iliyopita tulifundishwa kuhusu hazina, kwamba tusiziweke mahali ambapo nondo na kutu huharibu. Kanisa lote likasema amina. Mimi pia nilisema, lakini nilirudi nyumbani na swali, na wiki nzima limekataa kunitoka. Swali ni hili: nondo akishindwa, je?

Kwa sababu siku hizi nondo anaweza kushindwa. Unatundika suti kwa henga, unaiingiza ndani ya kava, unafunga zipu mpaka juu, unarudisha kabatini. Vumbi la barabara haliingii. Moshi wa jikoni hauingii. Hata wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama wingu jioni hawaingii. Sasa mtu aliyemfungia nondo nje, bado Yesu anamwambia neno lile lile, ama yeye amepona?

Siulizi kwa mchezo. Niko na sababu, na nitaisema.

Kwanza tuelewane, kutunza nguo si dhambi. Sisi tunaoishi hapa Sori tunajua kazi yake. Ziwa liko mlangoni, hewa ina unyevu, na omena ikianikwa ufuoni harufu yake inaingia mpaka kwa shuka. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Agosti 2017, wengi wetu tulifunga nguo ya kanisa ndani ya juala na kuisukuma chini ya sanduku. Kumbe plastiki inafungia unyevu ndani, na nguo inatoka na ukungu kwenye kola. Kava ya kitambaa ni afadhali kwa sababu inapumua. Na usiingize nguo chafu. Anayekula nguo si yule nondo anayeruka, ni kiwavi wake, na anapenda sufu, hasa penye jasho au tone la mchuzi. Ukifunga nguo chafu yenye mayai yake, umemfungia adui ndani pamoja na chakula. Fua, anika, kausha kabisa, ndipo ufunge. Tena fungua mara kwa mara uipige upepo, kwa maana kiwavi yule anapenda giza na mahali pasipoguswa.

Maandiko nayo hayadharau nguo. Zamani zile nguo zilikuwa mali kama fedha. Naamani alipokwenda kutafuta uponyaji alibeba mavazi kumi pamoja na dhahabu (2 Wafalme 5). Katika nyumba ya mfalme kulikuwa na mtunza mavazi, Shalumu, mume wa Hulda nabii (2 Wafalme 22:14). Na mtume Paulo, akiwa kifungoni, anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Huyo Karpo hatujui mengine juu yake. Tunajua tu kwamba alikuwa na joho la mtu nyumbani kwake. Sioni mahali alipokemewa kwa kulitunza.

Basi sasa wacha niseme langu.

Mume wangu alikuwa na suti moja ya buluu, aliyoshonewa tulipobarikiwa ndoa kanisani. Alipolala, nguo zake ziligawiwa jamaa baada ya mazishi, kama ilivyo kawaida kwetu. Ile suti niliificha. Sikumwambia mtu. Baadaye nilienda Migori nikanunua kava nzuri ya kitambaa, nikaiosha suti, nikaifunga. Kila baada ya miezi michache nilifungua zipu, nikanusa kidogo, nikafunga.

Halafu kijana mmoja wa hapa kanisani akapata siku ya harusi. Kazi yake ni omena, na mnajua omena ni ya usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mfuko unakauka. Akina mama tukatangaziwa kwamba bwana harusi hana suti, mwenye nacho asaidie. Nilikuwa nimeketi safu ya pili. Niliangalia chini. Wiki iliyofuata ikatangazwa tena, nikaangalia chini tena. Siku ya harusi alivaa koti la kuazimwa ambalo mikono yake iliishia karibu na kiwiko. Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mimi sikucheka.

Jioni ile nilifungua kabati. Nawaambia ukweli, nilitamani nikute nondo. Nilitamani nikute matundu, ndio niseme, afadhali sikuitoa, ningemwaibisha kijana wa watu. Nikafungua zipu mpaka chini. Suti ilikuwa nzima. Hakuna tundu, hakuna ukungu, hata vifungo vilikuwa vinang'aa. Hapo ndipo niliposhtakiwa. Ingekuwa imeliwa, ningemlaumu mdudu. Kwa kuwa ilikuwa nzima, hakukuwa na wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimesoma vibaya. Nilifikiri Yesu anasema, usiweke hazina kwa sababu itaharibika. Kama sababu ni hiyo tu, basi anayeuza kava ametumalizia mahubiri. Lakini endelea mpaka mstari wa 21. Pale anazungumza juu ya moyo, kwamba uko pale ilipo hazina. Nondo anakula nguo; hilo ni hasara ya nguo. Nguo ikikaa salama, swali la moyo linabaki palepale. Yule tajiri wa Luka 12 hatuambiwi kwamba nafaka yake ilioza. Ghala zingebaki zimejaa. Aliyeondoka usiku ule ni yeye. Na Akani alipochukua lile vazi zuri na kulificha chini ya hema yake (Yoshua 7), halikuliwa na chochote. Lilitolewa likiwa zima, likawa ushahidi.

Basi tofauti ya Karpo na Akani ni nini? Wote wawili walikuwa na vazi nyumbani. Nimefikiri sana, na jibu langu ni hili: Karpo angeulizwa, "Hili ni la nani?" angejibu mara moja. Mwenyewe yuko, na siku akilihitaji, litatoka. Vazi la Akani halikuwa na mtu wa kulijia. Lilikuwa linatunzwa ili litunzwe tu.

Mimi nilijiambia naweka suti ya mume wangu. Lakini yeye hataijia. Kama tunaamini tunachohubiri, kule aliko amevikwa tayari. Kwa hiyo nilikuwa nikimtunzia nani?

Najua mmoja atasema, mama, kumbukumbu si dhambi. Kweli, si dhambi. Biblia yake ninayo mpaka leo, na sitaitoa. Wala simwambii mjane yeyote afungue kabati lake kesho. Huzuni ina muda wake, na mtu asikuharakishe. Ninasema tu kwamba kumbukumbu inatosha kukaa ndani ya kitu ambacho hakuna mwingine anakihitaji. Jirani akisimama mbele yako bila koti, lile koti la kabatini limepata mtu wa kulijia.

Nilimpelekea yule kijana ile suti, harusi ikiwa imeshapita wiki mbili. Nilimwambia yote, hata kwamba niliangalia chini. Alinyamaza, kisha akasema, "Mama, asante. Mungu akubariki." Fundi alipunguza mabega kidogo. Jumapili iliyofuata alisimama mlangoni akikaribisha watu, na nilipomwona kwa nyuma moyo ulisimama, nikatoka nje nikalia. Sitawadanganya kwamba nilitoa kwa furaha. Nilitoa kwa uchungu, na uchungu bado uko, lakini ninaweza kuinua macho tangazo likisomwa.

Jambo la mwisho. Aliponishukuru aliuliza kwa aibu, "Na ile kava, Mama?" Nikampa. Chumba chake kiko karibu na ufuo, mahali omena inaanikwa. Nikamfundisha: fua kwanza, kausha, ndipo ufunge zipu. Aitunze vizuri. Iko siku kijana mwingine atatangazwa.

Shalom, wapendwa. Bwana atupe macho ya kuona kilicho kabatini, na mtu anayekingoja. Amina.