Kichwa cha Kitabu na Kichwa cha Mtu

Wasomaji, mtu akitaka kujifunza kuchora kichwa cha mwanadamu, naye hana mwalimu, hana budi kutafuta kitabu. Ndivyo nilivyofanya mimi. Katika shule za Bariadi nilizofundisha, somo la kuchora lilipewa saa ya mwisho ya siku, watoto wakiwa wamekwisha kuchoka, au halikupewa saa kabisa. Wala hapakuwa na mtu wa kunifundisha mimi mfundishaji. Basi nalipata Mwanza, kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya njia, nakala ya kitabu cha Mmarekani mmoja, Andrew Loomis, kiitwacho Drawing the Head and Hands, kilichotolewa kwanza mwaka 1956. Kurasa nyingine zilikuwa zimetoka, na jalada lilikuwa limeliwa na panya. Nalikisoma kwa taa ya kandili muda wa miaka miwili. Leo nataka kuuliza jambo ambalo kitabu kile hakikuniuliza, nalo ni hili: je, mtu aliyejifunza kuchora kichwa chochote, amejifunza kumchora mtu yeyote? Na kama hakujifunza, naye akachora vivyo hivyo, je, amesema uwongo?

Yafaa nieleze kwanza mafundisho yenyewe, maana wengi wadhani kuchora ni kipaji tu cha mkono. Loomis huanza na tufe. Hulikata kidogo ubavuni, kwa kuwa fuvu la mtu si mviringo mtupu bali limebanwa pande mbili, kisha huliongezea taya. Mstari wa macho huwekwa katikati ya kichwa, nusu juu na nusu chini. Jambo hili humshangaza kila anayeanza. Ukiwaambia watoto wachore mtu ubaoni, hata kwa zile chaki za Maswa ambazo vijana wa wilaya ile walianza kuzitengeneza katika miaka ya 2010, wote huyaweka macho karibu na nywele, na paji la uso halipati mahali. Kutoka maoteo ya nywele hata nyusi, na kutoka nyusi hata chini ya pua, na kutoka hapo hata kidevu, huhesabiwa sehemu tatu zilizo sawa. Sikio hukaa kati ya mstari wa nyusi na mstari wa pua. Nao mkono, tangu kifundo hata ncha ya kidole cha kati, hulingana na uso tangu kidevu hata maoteo ya nywele. Kipimo hiki kilikwisha kuandikwa na Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, yapata miaka elfu mbili iliyopita. Weka mkono wako usoni, msomaji, nawe utaona.

Walakini mkono ni mgumu kuliko kichwa. George Bridgman, aliyefundisha miaka mingi huko New York, alitoa mwaka 1920 kitabu kizima cha mikono mia moja, wala sidhani kwamba aliiona mia kuwa nyingi. Uso ukikosewa kidogo bado ni uso, bali mkono ukikosewa kidogo huwa fungu la mihogo.

Mafundisho haya ni ya kweli, nami sitayadharau. Nilipokwisha kuyashika naliweza kuketi peke yangu na kuchora mzee, kijana, mtoto, mtu aliyeinama au aliyegeuka, bila kumtazama mtu hata mmoja. Nalijivuna sana kwa hayo. Watu wakaanza kusema kijijini ya kwamba mwalimu ajua kuchora watu.

Mwaka 2008, siku zile Bariadi ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, maana mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, mzee mmoja jirani yangu alifiwa na mkewe. Marehemu alikuwa na picha moja tu maishani mwake, nayo ilikuwa imewekwa sandukuni, na mchwa waliingia wakaila. Simu za kupiga picha zilikuwa hazijaenea vijijini. Baada ya matanga, mzee yule alinijia jioni, akaketi, akakataa chai, akasema, "Mwalimu, nasikia wewe wachora watu. Nichoree mama wa watoto wangu, wajukuu wapate kumjua."

Nikamjibu, "Mzee wangu, mimi nalimwona mara chache tu, tena kwa mbali, akirudi kutoka shamba la pamba."

Akasema, "Lakini wewe umesoma kitabu. Je, vichwa vyote si vimo kitabuni?"

Naliona haya kumwambia kwamba havimo. Nikakubali. Usiku ule nalichora kichwa cha mwanamke mzee kwa kufuata kanuni zote: tufe, taya, mstari wa macho, makunyanzi yakishuka mahali yanaposhuka kwa wazee wote. Nikamfunga kitambaa kichwani, kwa kuwa kitambaa ndicho kitu cha pekee nilichokikumbuka. Asubuhi nikampelekea. Aliitazama karatasi ile muda mrefu, machozi yakamtoka, akasema, "Ni yeye." Akanipa jogoo. Nami nikampokea.

Hapo ndipo penye shida yangu. Labda mtu atasema, "Una nini, mwalimu? Mzee alitaka faraja, nawe ulimpa faraja. Hukumwibia." Naliwaza hivyo mimi pia, tena siku nyingi. Nikasema moyoni, picha si ushahidi wa barazani. Wako watu wengi waliochorwa na watu wasiowaona kamwe, wala hakuna anayewaita wachoraji wale waongo. Tena kwetu Usukumani, zamani, waganga wa nyoka walikuwa wakichora kutani mwa nyumba zao za chama, watu na nyoka na viumbe vya namna nyingi. Bwana Hans Cory alizitolea kitabu picha zile mwaka 1953. Watu wa kutani mle hawana tufe wala mstari wa macho. Vichwa ni viduara, na mikono ni vijiti. Nao walitosha kabisa, kwa sababu mwanafunzi wa chama aliyeletwa mbele yao hakuulizwa kama pua yafanana, aliulizwa kama ameijua habari na maana yake. Basi picha yaweza kuwa ya kweli bila kufanana na mtu.

Lakini utetezi huu haunisaidii. Mimi sikuulizwa habari wala maana. Naliulizwa juu ya mtu mmoja, aliyekuwa na jina, na jirani zake walimjua. Nadhani uwongo haukai katika mistari ya picha, hukaa katika jibu lililotolewa kwa swali lililoulizwa. Mganga wa nyoka na mimi tungaliweza kuchora duara lile lile, yeye akawa amesema kweli na mimi nimesema uwongo.

Wengine hunijibu kwa njia nyingine. Husema kwamba kosa lilikuwa la kitabu, kwa sababu ni cha kigeni, kimejaa vichwa vya Wamarekani weupe wa siku zake, na nilipokifuata nalimchora mama wa Kisukuma kwa mifupa ya watu wa Chicago. Maneno haya yana kweli ndani yake. Nalipoitazama kazi yangu baadaye naliona pua iliyosimama ambayo sijapata kuiona juu ya uso wa mama yeyote sokoni Bariadi. Hatari hii ilikwisha kuonwa na watu wa zamani. Petrus Camper, mganga Mholanzi wa karne ya 18, aliona ya kwamba wachoraji wa Ulaya walipomchora mtu mweusi walimchora Mzungu, kisha wakampaka rangi nyeusi. Alikuwa na haki kuchukizwa. Lakini dawa aliyoitafuta ilikuwa kipimo kingine: alipima pembe ya uso juu ya mafuvu, akayapanga kwa safu, nyani mwanzoni na sanamu za Wayunani mwishoni, na mtu wa Angola na Mzungu katikati. Yeye mwenyewe alishika kwamba wanadamu wote asili yao ni moja. Alikufa mwaka 1789, kitabu chake kikatoka mwaka 1791, na waliokuja nyuma yake wakaigeuza safu ile kuwa ngazi ya kuwapandisha wengine na kuwashusha wengine. Tazama basi jinsi jambo lilivyoanza kwa kutaka kuona vizuri, likaishia kwa rula.

Kwa hiyo sikubali kwamba dawa ni kuandika kitabu cha vichwa vya Kisukuma. Kitabu cha namna hiyo kingefaa, nami ningekinunua. Lakini hata kama kingalipigwa chapa hapa Bariadi, na kila kichwa ndani yake kikawa cha mtu wa Dutwa au Nyakabindi, mke wa mzee yule asingalikuwamo. Ningalichora pua nyingine, ya karibu zaidi, na uwongo wangu ungalikuwa mgumu zaidi kutambulika.

Albrecht Dürer, Mjerumani, alilielewa jambo hili kuliko wengi. Vitabu vyake vinne vya vipimo vya mwili wa mtu vilitoka mwaka 1528, mwaka ule ule aliokufa. Ungedhani mtu wa vipimo vingi hivyo angesema, "Mtu ni huyu." Hakusema. Aliweka mtu mnene na mtu mwembamba, mrefu na mfupi, mwanamume na mwanamke na mtoto, tena akaonyesha njia ya kuvigeuza vipimo hivyo, uso ukarefuka au ukabonyea. Na miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1521, akiwa Antwerp, alimchora msichana Mwafrika aliyekuwa akitumika katika nyumba ya Mreno mmoja. Akaandika jina lake, Katharina, na umri wake, miaka 20. Macho yake yametazama chini. Hatujui neno lolote alilolisema, wala hatujui kama aliulizwa kwamba ataka kuchorwa. Lakini yeye si kichwa cha kitabu. Dürer, aliyekuwa na vipimo vyote mkononi, aliketi mbele yake akamtazama.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki yako mabishano ya zamani juu ya neno hili. Bibi Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha kuchora Makerere katika miaka ya 1930, hakutaka wanafunzi wake wanakili sanamu za Ulaya; aliwasimulia habari, nao wakachora waliyoyaona moyoni. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipofungua pamoja na wenzake Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, alifanya msemo wake kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi. Namheshimu sana mzee Njau, lakini hapa siafikiani naye kabisa. Binti ajifunzaye kufinyanga huiga mikono ya mama yake, tena huiga miaka mingi, wala hakuna aliyelala. Ila huiga mikono ya mtu aliye mbele yake, naye mama akimwona amekosea humwambia. Kitabu hakikuambii neno. Nalikosa miaka miwili mbele ya kitabu changu, nacho kikanitazama tu.

Aliyeniambia ni binti wa marehemu. Alikuwa ameolewa Maswa, akaja baada ya wiki tatu, akaiona picha ukutani. Hakusema kitu mbele ya baba yake. Jioni akaja kwangu, akanisalimu shikamoo kama desturi, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, sikuja kukulaumu. Yule si mama."

Nikamwuliza, "Mama alikuwaje?"

Akataka kueleza, akashindwa. Akasema alikuwa na uso wa kawaida. Kisha, kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo, akanionyesha mkono wake mwenyewe. Akasema kidole gumba cha mama kilipinda nje kwa sababu kiliwahi kuvunjika na hakikufungwa vizuri. Na viungo vya vidole vilikuwa vimevimba. Na ncha za vidole zilikuwa na makovu madogo meusi, kwa kuwa tumba la pamba likikauka huwa na miiba, naye alivuna tangu utoto. Alipotaka kuwanyamazisha watoto, hakusema. Aliweka mkono juu ya goti hivi, kiganja juu.

Nikamwomba aketi, aweke mkono wake hivyo. Nikachora. Nikikosea alinizuia, akasema kimevimba zaidi, au kimepinda zaidi. Hapo, lazima nikiri, kitabu kilinifaa kuliko siku zote. Nalijua kidole cha kati kinaanzia wapi, na kwa nini kidole gumba husimama upande mwingine mbali na vidole vinne. Bila hayo nisingalielewa hata maswali ya kumwuliza. Tulikwenda mpaka kandili ikaisha mafuta. Hatukuchora uso. Alipoitazama kazi ile aliiweka ndani ya khanga yake, akashukuru, akarudi nayo Maswa.

Nalikusudia kwenda kwa mzee kumwambia kweli juu ya picha ya kwanza na kumrudishia thamani ya jogoo. Nalikwenda mara mbili. Mara zote mbili nalimkuta ameketi chini yake, nami nikazungumza habari za mvua. Mzee naye amekwisha kufariki. Picha ile ingali ukutani, imetiwa kioo sasa, na mwaka jana mjukuu wake mdogo, ambaye ni mwanafunzi wangu, alinishika mkono akaniingiza ndani ili anionyeshe bibi yake.