Uzima, Uzazi, Mapendo: Kupima Matunzo katika Nyumba ya Wazee

Nyumba ya wazee ni makao ambamo watu wa umri mkubwa hulishwa, huogeshwa na kuuguzwa na watu wasio wa ukoo wao. Mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makao hayo, yanayojulikana kwa Kifaransa kama home des vieillards, ni ya wachache, kwa kuwa wazee wengi hubaki kwa watoto au wajukuu. Wanaoingia humo ni hasa wasio na mtoto, waliofukuzwa na jamaa zao kwa kudaiwa uchawi, na walioishiwa nguvu na mali.

Historia ya mji ina sehemu yake katika hali hiyo. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliwaweka wafanyakazi na wake zao kambini, mbali na vijiji vyao, ikawapa nyumba, posho, shule na hospitali. Mrithi wake, Gécamines, iliendeleza desturi hiyo hadi ilipoporomoka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa fedha za mara moja, wakaachishwa kazi. Waliozoea kutunzwa na kampuni walizeeka bila kampuni, na wengine bila kijiji cha kurudia.

Kipimo cha matunzo kinachojulikana zaidi duniani kilitolewa mwaka 1966 na Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani. Alitenganisha mambo matatu: vitu na watu waliopo, yanayotendwa, na matokeo yake. Katika Lubumbashi, la kwanza huuliza kama kuna maji siku bomba linapokauka, taa umeme unapokatika, na mablanketi ya kutosha mwezi Juni na Julai, kwani mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi na usiku wa miezi hiyo una baridi kali. La pili huuliza kama asiyeweza kujigeuza kitandani anageuzwa kila baada ya saa chache, kama dawa hutolewa kwa wakati, na kama asiye na meno hupewa bukari (ugali) laini na mboga iliyopondwa. La tatu hutazama mwili wenyewe: vidonda vya kulalia, uzito, maanguko.

Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakijibu swali lililo chini yake: anayetunzwa ni nani? Ng'ombe pia hulishwa, hunyweshwa na kukaguliwa vidonda. Katanga, eneo lenye mji wa Lubumbashi, ina jibu lake. Mwaka 1945 padri Mfransisko Placide Tempels alichapisha mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu, akieleza kwamba kwao kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua kwa uhusiano wa mtu na wenzake. Kitabu kilipingwa baadaye na wanafalsafa Waafrika walioona kwamba kinawasemea Wabantu wote kwa sauti moja. Lakini katika miaka ya 1950, kwenye kambi za wachimbaji huko Kolwezi, mafundisho ya Tempels na waumini wake yalizaa kundi la Jamaa, na mafundisho hayo yalishikwa na maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo.

Maneno hayo yanaweza kuwa mizani. Uzima ni zaidi ya kutokufa: mzee mzima huchagua saa ya kulala, huvaa nguo yake mwenyewe, huitwa kwa jina lake. Uzazi haukomi na umri: mzee anayeombwa shauri, anayemfundisha kijana kufuma kikapu au anayeombwa baraka bado anazaa, hata asiyepata mtoto wa tumbo. Palipo na kupokea tu, uzazi umekatwa. Mapendo huonekana katika mkono unaoogesha: kama una haraka, kama unafunga mlango kwanza, kama unamwambia mzee linalofuata. Donabedian naye, karibu na kifo chake mwaka 2000, alisema kwamba siri ya ubora ni upendo.

Linabaki swali la watoto walio hai. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inawapa watoto wajibu wa kuwasaidia wazazi katika kifungu cha 40, na katika kifungu cha 49 inawapa wazee haki ya ulinzi maalumu. Wajibu wa nyumbani na wa taifa umewekwa pamoja. Mmoja haufuti mwingine. Dini zinasisitiza hilo. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea wanaotoa kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, mali iliyopaswa kuwasaidia wazazi. Sura ya 17 ya Qur'ani inakataza hata kumgunia mzazi aliyezeeka. Kwa hiyo kulipa ada, au kuleta mchele na sabuni wakati wa Noeli, hakumalizi deni, na nyumba njema huwafungulia jamaa mlango badala ya kuwapokonya nafasi yao.

Shahidi wa kwanza wa matunzo ni mzee mwenyewe, akiulizwa bila mlezi kusimama kando. Ila wapo waliopoteza kumbukumbu au sauti, na wapo wasiotembelewa na mtu wa kuwasemea. Upimaji wa haki huanzia kitandani kwa hao, tena siku isiyo ya wageni. Wakikutwa wamegeuzwa, shuka ni kavu, na mlezi anajua majina yao, nyumba hiyo ni njema.