Je, Wimbo Waweza Kutunza Mti?

Mwezi huu twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo. Siku za sherehe watoto wa shule, hapa Simbo na penginepo, huimba nyimbo za kusifu miti na maji, na wengine huchora ziwa na misitu. Sisi wazee hupiga makofi, kisha twaenda zetu. Je, mti wenyewe umepata faida gani? Au tumejifurahisha tu?

Kwanza na tuitazame ngoma. Ngoma hii ilikuwa mti. Fundi aliukata, akauchimba ndani, akauwamba ngozi ya ng'ombe. Basi yeye aimbaye kwamba miti isikatwe, huku akiipiga ngoma, ameshika mti uliokatwa. Je, ni mnafiki? Twaona sivyo. Kukata si kosa. Kosa ni kukata na kusahau. Mti uliogeuzwa ngoma husema na watu miaka mingi, lakini ngoma ina deni, nalo halilipwi kwa sauti, hulipwa kwa mche.

Wako wasemao ya kuwa sheria yatosha, na nyimbo ni mambo ya watoto. Sheria twaiheshimu. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Ni jambo jema. Lakini dagaa huvuliwa usiku, na usiku mlinzi hawezi kuwa kila mahali. Hapo hubaki moyo wa mtu peke yake, nao moyo hauamriwi, huvutwa.

Tena macho yetu ni mafupi. Mtu alimaye mlimani akifyeka miti yote ya mteremko, mvua kubwa huuchukua udongo, mto kama Luiche huubeba hata ziwani, na tope huyafunika mawe ambapo samaki hula na kutaga. Mkulima ametia mchanga katika chungu cha mvuvi, wala hajui. Njia hiyo ni ndefu, jicho haliwezi kuifuata. Lakini mtoto aweza kuichora katika karatasi moja: mlima juu, mto katikati, ziwa chini. Baba yake akiitazama, hawezi tena kusema hakuona.

Hiyo ndiyo kazi ya sanaa: kutuonyesha tunachokipita kila siku. Kwa hiyo yapasa iseme kweli. Wimbo usifuo msitu ambao zamani umekwisha kuwa shamba, bila kutaja aliyeufyeka, hutubembeleza tulale. Afadhali mwimbaji ataje vitu vyetu kwa majina yao: mchikichi utupao mawese, chemchemi iliyokauka, na mikono yetu wenyewe.

Twajua mfano wa karibu. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, alianzisha pamoja na vijana kumi na wawili huko Dar es Salaam, mwaka 1991, chama kiitwacho Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi. Chama hicho hakikuishia katika kusifu wanyama, bali vijana walitakiwa wachague wenyewe kazi ya kufanya kwa ajili ya watu, wanyama na nchi. Katika hilo twajifunza ya kuwa mapenzi huanza machoni, lakini hukomaa mikononi.

Tulifundishwa kwamba imani hujulikana kwa kazi zake. Sifa nayo ni vivyo hivyo. Basi, ndugu, watoto wakiimba tena, tusiwakataze, wala tusiishie kupiga makofi. Kila apigaye makofi na aende nyumbani akapande mche mmoja, aumwagilie wakati wa kiangazi, akauzungushie miiba mbuzi wasiule. Hapo ndipo ngoma italipa deni lake.